Tarehe Tano

Lokandu, Jumamosi 7 Oktoba 2023

Pesa iliingia juzi Alhamisi, tarehe 5. Nilikuwa nimepanda nyuma ya shule, kwenye kile kichuguu ambako rezo hukamatika, simu ikalia. Dola 40. Lakini ni leo tu tumezishika, maana mtu wa kabini, anayetoa pesa za simu, hakuwa na franga. Yeye hungoja siku ya soko: wachuuzi wa samaki wakishauza, humpelekea makuta yao awatilie kwenye simu, ndipo naye apate ya kututolea sisi. Dola zilizotoka Goma zimetufikia zikinuka samaki wa Lualaba. Baada ya makato, karibu franga 97,000.

Mdogo wangu alipiga simu mwishoni mwa mwezi uliopita. Hakuzunguka. "Yaya, kuanzia sasa kila tarehe 5 nitamtumia Mama dola 40. Si ya ugonjwa wala ya matanga. Ni ya kila mwezi." Nilipompelekea Mama habari alikuwa anachambua sombe, na hakuinua kichwa. Leo pesa iko mapajani mwake, akasema: "Mwezi huu nimeuona. Ujao ndio nitaujua."

Simlaumu. Watoto wa Lokandu walio mbali wote tunajua hutuma lini: mtu akifa, au akikaribia. Pesa ya jeneza haikosi. Pesa ya chumvi hakuna anayeipigia simu.

Mama hakusoma, kwa hiyo ameniagiza nimwandikie hesabu. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya maandalio ya masomo. Sasa lina kazi mbili. Naandika: deni la butiki, 34,000. Deni la dawa ya malaria, 12,000. Hili la pili ni la mwanangu wa mwisho, si lake Mama, nami nimeliandika kwa herufi ndogo. Sabuni, chumvi, betri za tochi. Madaftari matatu ya mpwa wangu. Kilichobaki amekifunga kwenye pindo la kikwembe, na hakuniambia ni kiasi gani.

Jumapili 12 Novemba 2023

Ya pili imekuja, tarehe 5 ileile.

Na leo amepita mfanyabiashara wa Kindu kwa pikipiki, kama apitavyo kila mwaka mpunga unapobeba mimba. Huwa hashuki upesi. Anazima pikipiki, anaamkia wazee, anauliza watoto, halafu anatoa kijitabu. Sisi tunaita kuuza mpunga ungali majani. Yeye anakupa franga 25,000 leo kwa gunia atakalokuja kulichukua Januari. Gunia hilohilo Januari ni 40,000 hapa hapa mlangoni. Ukiweza kulilaza hadi Mei, Kindu imeanza kukaukiwa mchele, hulipati chini ya 60,000.

Watu wa miradi wakija hapa hudhani hatujui hesabu hiyo, wanatufundisha kwa picha. Tunaijua. Mtoto wa darasa langu la nne anaijua. Ila Oktoba na Novemba mpunga wa mwaka jana umekwisha, wa mwaka huu haujaiva, muhogo ni uleule wa kila siku, na homa haingoji mavuno. Ukikataa kijitabu cha Kindu unakwenda banki Lambert, yaani kwa jirani anayekukopesha kumi ukamrudishie kumi na tano mwisho wa mwezi. Kati ya mabaya hayo mawili kijitabu kina heshima zaidi, maana kinaitwa biashara. Mwaka jana Mama aliuza hivyo magunia manne kati ya saba.

Leo amempa mgeni kiti na maji. "Mpunga hauko, baba." Mtu wa Kindu akacheka, akaonyesha shamba. "Ule?" "Ule ni wa Januari."

Nimekaa kufikiria jambo hili jioni nzima. Pesa ya mwezi huu tayari imekwisha. Jana nimeandika senti ya mwisho. Mama alipokuwa anamkatalia yule bwana hakuwa na kitu pindoni. Alichokuwa nacho ni tarehe 5 Desemba.

Jumapili 17 Desemba 2023

Uchaguzi ni Jumatano. Wiki hii mgombea mmoja ametupa fulana mbili, kofia moja, na chumvi. Mama ameniuliza mheshimiwa huyu atatuma tena lini. Nikamwambia 2028. Akasema basi aandikwe kwenye ukurasa wa misiba.

Darasani wako 19 kati ya 52. Wengine wako mashambani wanafukuza ndege. Hakuna mtu wa kulaumu: shomoro hawana likizo. Ila mpwa wangu, wa sekondari, mwaka huu hakutoka shule hata siku moja. Mama amemlipa kijana wa jirani franga 1,000 kwa siku akae kule na kopo na fimbo. Nilimwambia ni ghali. Akanijibu kwamba kijana yule naye ana mama.

Jumamosi 10 Februari 2024

Magunia saba, yote ndani ya nyumba. Tangu Baba afariki sijayaona saba pamoja. Chumba cha wavulana kimekuwa ghala, nao wanalala sebuleni na kulalamika kuhusu panya.

Habari zimeenea. Jana amekuja baba mdogo, ambaye tangu siku ya arobaini ya Baba hakuwa amekanyaga hapa. Alikunywa chai, akaipangusa midomo: "Nasikia Goma inawanyonyesha." Mama akanyamaza. Akaendelea: msichana yule alisomeshwa na ukoo mzima, kwa hiyo matunda yake ni ya ukoo mzima. Hapo mimi nikashindwa kuvumilia, nikamkumbusha nani aliuza mbuzi wake kwa ajili ya ada ya chuo, na nani aliyekuwa anasema mwanamke hasomeshwi hadi huko. Tulipaza sauti. Mke wangu akafunga dirisha.

Mama alimfungia makopo matano ya mchele. Kisha, alipoondoka, akaniambia: "Umekosea. Siyo kwa maneno, maneno yalikuwa kweli. Umekosea kwa sababu sasa atarudi kila tarehe 6." Na kweli, nadhani hii ndiyo kodi ya pesa inayojulikana siku yake. Pesa ya siri huja bila wageni.

Jumapili 19 Mei 2024

Tumeuza magunia manne kwa 62,000. Nimezidisha mara mbili kuhakikisha: 248,000. Yangeuzwa yangali majani, yangetoa 100,000. Tofauti ni 148,000, yaani zaidi ya pesa ya mwezi mzima kutoka Goma. Mdogo wangu hajui kwamba pesa yake imezaa nyingine ambayo yeye hakuituma.

Nikumbuke pia kuandika likelemba, yaani chama cha kuzungushiana pesa, kwa kuwa Mama ameanza kuisahau zamu. Wako wanawake watano, kila mmoja dola 10 au thamani yake, wanakutana siku ya soko baada ya tarehe 5. Kabla ya pesa ya Goma hawakumkubali. Mwanamke asiye na siku ya kupata hakai kwenye likelemba, maana siku yake ya kutoa ikikosa amewaangusha wanne. Zamu yake ya kwanza, Machi, alichukua dola 50, akaongeza kidogo, akanunua baiskeli iliyokwisha tumika. Mpwa anaifanyia toleka siku zisizo za shule: anabeba mawese hadi Kindu, anarudi na sabuni na sukari. Baiskeli ina breki moja. Sijamwambia Mama.

Jumatano 14 Agosti 2024

Mdogo wangu yuko hapa tangu Ijumaa. Ndege ndogo hadi Kindu, halafu mtumbwi wa mota. Amekonda, na anatembea upesi kama watu wa mjini wanavyotembea hata njia ikiwa haina watu. Jana usiku Mama alipolala tulikaa nje, tukazungumza hadi majogoo ya kwanza. Naandika mengi leo, maana sitaki kuyapoteza.

Nilikuwa sijui vizuri kazi yake. Nilijua ni shirika, ni wakimbizi, basi. Kumbe kazi yake yenyewe ni hii ya kugawa pesa. Anapita kwenye makambi yanayozunguka Goma, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, anaandikisha watu. Zamani, anasema, walikuwa wanapewa vitu: sufuria, turubai, ndoo. Halafu ikaja foire: wauzaji wanakusanywa uwanjani, mkimbizi anapewa kuponi achague mwenyewe. Halafu UNICEF na wengine wakaanza kutoa pesa taslimu, kwa kuwa mwenye njaa anajua kuliko mwenye lori kama amekosa ndoo au amekosa nauli.

Nikamuuliza swali la kila mtu: hawainywi? Akacheka, kwa uchovu. Benki ya Dunia ilipitia tafiti za nchi nyingi juu ya swali hilo moja tu, la pombe na sigara, na haikuona kwamba watu wakipewa pesa wanakunywa zaidi. "Lakini Yaya, swali hilo huulizwa na mwenye mshahara. Wewe ukipata mshahara nani anakuuliza?" Nikamjibu kwamba mimi sijawahi kupata mshahara. Tukacheka wote.

Kinachomsumbua si pombe. Ni kwamba wanatoa mara moja, wanafunga orodha, wanaondoka. Familia inapata pesa ya mwezi, na mwezi wa pili iko palepale ilipokuwa. Akanieleza majaribio ya Kenya. Shirika moja la Wamarekani, GiveDirectly, lilianza mwaka 2016 kwenye kijiji kimoja, kisha likaenea vijiji karibu 200 vya Siaya na Bomet, na vijiji vingine 100 vikaachwa vya kulinganisha. Kila mtu mzima shilingi 2,250 kwa mwezi, kama dola 22 wakati ule. Wengine waliahidiwa miaka 12. Wengine miaka miwili. Wengine walipewa kwa mkupuo mmoja, karibu dola 500, sawa na ile ya miaka miwili. Wachumi wakalinganisha, matokeo yakatoka 2023.

"Unadhani nani walifanya biashara?" Nikasema wa mkupuo. "Sawa. Na nani tena?" Nikakisia wa miaka miwili. La. Ni wa miaka 12. Hao wa miaka 12 mpaka siku ya kupimwa walikuwa wamepokea pesa ileile sawa na wa miaka miwili, kiasi kilekile, mwezi uleule; ila wao walijua itaendelea. Wakaingia kwenye vyama vya kuzungushiana pesa, wakajitengenezea mkupuo wao wenyewe, wakafungua vibanda.

Nilipomsimulia Mama asubuhi, aliuliza vyama vyao vina watu wangapi. Sikujua. "Watano ni wazuri," akasema. "Wakizidi, anayepata zamu ya mwisho anazeeka."

Ndugu yangu hakunificha pia upande mchafu. Shirika hilohilo la Kenya lilikuwa Kivu Kusini, na mwaka 2023 lilitangaza lenyewe kwamba limeibiwa karibu dola 900,000 mwaka uliotangulia, na baadhi ya wezi ni watumishi wake. Ujanja ulikuwa kwenye kadi za simu: aliyemsajilia mtu wa kijijini kadi ndiye aliyebaki nayo. Aliposema hivyo nilitazama simu ya Mama, ambayo kadi yake iko kwa jina langu. Sikusema kitu, naye hakusema, lakini tuliitazama wote wawili.

Akaniambia vilevile ya majirani. Tanzania wana TASAF, mpango wa kunusuru kaya maskini, unalipa kila baada ya miezi miwili, na mama anatakiwa apeleke mtoto kliniki na shule. Kenya wana Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea; lakini mara nyingi inachelewa, inalipwa ya miezi kadhaa pamoja. Hapo nikamwelewa kwa nini anakazania tarehe. Bibi wa Kenya anayelipwa 6,000 baada ya miezi mitatu hajapokea 2,000 mara tatu. Katikati amekwisha kopa.

"Basi ndiyo maana ya tarehe 5," nikasema.

"Ndiyo maana. Nimeona watu elfu kadhaa wakipewa mara moja. Nikasema mtu mmoja nitamlipa vizuri."

Nikamuuliza: na siku kazi yako ikiisha? Alitazama mto. Kisha akauliza kama bado tunapata samaki wakubwa kama wa zamani.

Jumatatu 23 Septemba 2024

Mgomo wa walimu, wiki ya nne. Wenzetu wanadai dola 500. Mimi nagoma pamoja nao, ingawa kugoma kwangu ni kichekesho: mimi ni N.U., jina langu halijaingia kwenye orodha ya malipo, nimefundisha miaka tisa. Zamani wazazi walitupa kitu kidogo. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019 hawaruhusiwi, na ni haki, watoto wamejaa. Ila aliyeyafuta malipo yale hakuweka mengine mahali pake kwa watu kama sisi.

Kwa hiyo niandike wazi, kwa kuwa hakuna atakayesoma: nyumba yangu inakula kwa mama yangu, naye anakula kwa mdogo wangu. Mtu mzima wa miaka 41. Asubuhi nyingine navaa suruali ya kazi nakwenda kukaa kwenye kichuguu nikisubiri rezo, ili watoto wangu wanione nimetoka.

Mama anajua. Mwezi huu alinipa 15,000 "ya kuandika hesabu". Alisema mtu anayeweka vitabu hulipwa.

Jumatano 29 Januari 2025

Goma imeanguka. Waasi wa M23 waliingia tangu usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Radio inasema maiti barabarani, umeme hakuna, maji hakuna, intaneti imekatwa. Nimepiga mara arobaini hivi. Mama ametandika mkeka wake nje na haingii ndani.

Alhamisi 6 Februari 2025

Yuko hai. Amepiga kwa simu ya mtu, dakika mbili. Yuko kwa rafiki yake, watu kumi na wanne chumba kimoja na nusu. Hakusema tarehe 5, nami sikusema. Jana Mama alipika ugali mapema, akanitazama nikipanda kichuguuni, na nilipokuwa nashuka alikuwa amekwisha ingia ndani.

Jumapili 9 Machi 2025

Leo tumezungumza kwa utulivu kwa mara ya kwanza. Mambo matatu yamempata pamoja. La kwanza, mabenki ya Goma yamefungwa tangu mji uanguke. Sauti yake: "Yaya, nina pesa benki, sina pesa ya unga." La pili, makambi aliyokuwa anafanya kazi yamebomolewa, watu wameamriwa warudi walikotoka. La tatu lilitoka mbali: tarehe 20 Januari rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na mwaka jana karibu asilimia 70 ya msaada wa kibinadamu wa Kongo nzima ulitoka kwa Wamarekani. Shirika lake liliishi kwa pesa hiyo. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmojammoja, na haukurudiwa. Wa mwaka mmojammoja! Alituahidi kila mwezi kwa mkataba wa aina hiyo. Sasa najua alichokuwa anakitazama mtoni.

Nimefungua daftari hili nihesabu. Oktoba 2023 hadi Januari 2025: mara 16, hakukosa hata moja. Dola 640. Zimekwenda wapi? Butiki hatudaiwi. Misimu miwili hatukuuza mpunga ungali majani. Baiskeli. Mabati manane juu ya chumba cha mpunga, zamu ya pili ya likelemba. Mpwa amefika mwaka wa tano. Homa tatu za watoto bila banki Lambert. Na magunia tisa ya Januari hii, ambayo hayajaguswa.

Mwezi wa Ramadhani, Mama amefunga. Baada ya kufuturu nilimsomea hesabu hiyo yote. Akauliza swali moja: unga wa Goma bei gani. Nilipomwambia, akanyamaza kidogo. Zamu ya tatu ya likelemba ilikuwa imemfikia. Dola 50 ziko kwenye kopo la maziwa. "Mtumie 20. Nyingine mwezi ujao."

Nikasema tumtumie zote, yuko vitani. Nilikuwa na uhakika kwamba nina haki. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto anayemwaga maji. "Ukimtumia zote leo, tarehe 5 ijayo atakula nini?"

Jumamosi 19 Aprili 2025

Anasema wakala wa mtaani kwao hukata sehemu kubwa kwa kila anayetoa, kwa kuwa makuta yenyewe ni haba mjini. M23 wamefungua tena benki ya CADECO mwezi huu, lakini pesa yake haiko huko. Kwa hiyo 20 ya Mama inafika kama 17. Tumeongeza franga kidogo ili ifike 20. Mama hajui kusoma lakini kwa jambo hili alikuwa tayari: "Mbona mimi nilikuwa napata 97,000 si 100,000? Mto ni mmoja."

Si kwamba mambo ni mazuri. Kindu vitu vimepanda, vilivyokuwa vinakuja na ndege za Goma haviji. Wiki iliyopita tumeuza baiskeli ili kulipa minervali, yaani ada ya shule, ya mpwa. Alilia, mvulana wa miaka 18, akajificha nyuma ya ghala. Ameniuliza sababu gani tunampelekea pesa mtu aliyesoma chuo kikuu wakati yeye anapoteza toleka. Sikumjibu vizuri. Nilimwambia asome daftari hili akitaka, nikalifungua ukurasa wa kwanza. Alisoma hadi penye madaftari yake matatu, akalirudisha.

Baba mdogo naye amekuja. Safari hii hakuomba. Alileta samaki wawili waliokaushwa, "wa yule wa Goma". Samaki hawatumwi kwa simu, tumewala. Lakini nimeandika.

Jumamosi 5 Julai 2025

Jumanne radio ilisema lile shirika la misaada la serikali ya Marekani, USAID, limefungwa kabisa tangu tarehe 1. Mdogo wangu anatafuta kazi nyingine. Amepata ya kufundisha Kifaransa watoto wa jirani, wanamlipa kwa maharagwe. Jina langu bado halimo kwenye orodha ya malipo.

Mtu wa Kindu hajaja bado, ni mapema, mwitu ndio tunaufyeka. Atakuja Novemba. Magunia manne tuliyauza mwezi Mei. Matatu yamelazwa, mawili yameliwa. Mama amekwisha niambia la kumjibu, na jibu ni lilelile la 2023, ingawa safari hii hakuna anayetutumia. Sijui kama tutalishika. Anasema zamu yake ya likelemba iko karibu, na wanawake wanne hawajawahi kumkosea siku.

Leo ni tarehe 5. Nimepanda kichuguuni saa kumi na mbili asubuhi kabla rezo haijajaa watu. Dola 20 za Mama, kwa franga 57,000, zimekwenda Goma. Ujumbe umerudi saa mbili kasoro, kwamba zimefika. Ada ya kutuma nimelipa mimi.